Kumfikia Aliye Mbali: Namna ya Kueleza Kazi Zetu kwa Watu Wasiotuona

(Ifuatayo ni mada iliyowasilishwa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya viongozi wa vikundi vya uzalishaji mali, iliyofanyika Mtendeni, Tabora. Tumeichapa kwa ombi la washiriki.)



Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa Mtendeni tukiwa wazima. Wapo kati yetu waliotoka Sikonge, Urambo na Kaliua, na wengine wameamka usiku ili wawahi usafiri. Nawapongeza kwa moyo huo.

Nimepewa mada inayohusu namna ya kueleza biashara na miradi yetu kwa watu walio mbali, yaani wale tunaozungumza nao kwa simu au kwa mkutano wa video. Wakati wa chai mama mmoja ameniuliza kama mada hii inamhusu mtu wa kijijini anayefuga nyuki na kulima karanga. Mama, inakuhusu wewe kuliko inavyonihusu mimi. Naomba mnivumilie, nitaeleza sababu.

Kwa nini tuzungumze habari hii sasa

Zamani mambo yetu mengi na wabia wa nje yalikwenda kwa ziara. Wageni walifika, wakapokewa kwa vigelegele, wakala ugali na kuku, wakatembezwa kwenye mizinga na visima. Mgeni aliona kwa macho yake, hata kama hotuba ya katibu haikueleweka. Mizinga yenyewe ilisema.

Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, safari zilisimama na mikutano mingi ikahamia kwenye video. Ugonjwa ulipopungua, mikutano hiyo haikurudi yote kwenye ziara, kwa sababu watu walikwisha kuona kwamba ni nafuu na ni ya haraka.

Jambo la pili ni kwamba siku za kupewa zinapungua. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai 1 mwaka huo shirika la USAID likawa limeacha kuendesha programu zake. Makanisa ya Ulaya nayo yana waumini wachache kuliko zamani, na sadaka zao zinafuata idadi hiyo. Kwa hiyo kikundi kinachotaka kuendelea kitahitaji wanunuzi, si wafadhili peke yao. Mfadhili anaweza kukusamehe ukijieleza vibaya, lakini mnunuzi anapiga simu kwa mwingine.

Ndiyo maana nasema jambo hili si la wataalamu wa mjini. Kazi ya mwaka mzima ya watu 25 inaweza kuamuliwa katika dakika 20 na mtu ambaye hajawahi kukanyaga Tabora. Dakika hizo tunapaswa kuzitumia vizuri.

Ugumu wa kusema na mtu wa mbali

Mtu aliyekaa mbele yako humwachi hivi hivi. Akisinzia unamwona, asipoelewa unamwona anakunja uso. Yeye naye hawezi kuinuka na kuondoka bila kuaga, kwa maana ataona aibu. Mtu wa mbali hana kizuizi hicho. Anaweza kuzima picha yake, akaanza kujibu barua nyingine, na wewe ukaendelea kuhubiri peke yako.

Pia hana pua wala mkono katika mkutano ule. Hasikii harufu ya asali yako, hashiki chombo chako, haoni jinsi ghala lilivyo safi. Anacho kidirisha kidogo cha picha na sauti inayokatikakatika.

Watu wengi wakiambiwa hayo hufikiri dawa yake ni kusema kwa sauti kubwa, au kurefusha maelezo, au kuongeza picha na mapambo. Ndugu zangu, dawa si hiyo. Dawa ni kumpa yule wa mbali kazi ya kufanya katika mazungumzo. Mtu wa mbali asiyepewa nafasi ya kushiriki hugeuka kuwa mtazamaji, na mtazamaji huchoka upesi. Akiulizwa, akashika kitu, akaamua jambo, anakuwa mshiriki. Hilo ndilo neno langu kuu leo, na mengine yote yanalitumikia.

Waliotutangulia waliliweza

Tusidhani kwamba kusema na watu wa mbali kumeanza na kompyuta. Sehemu kubwa ya Agano Jipya ni barua kwa watu wa mbali. Mtume Paulo aliandika Waraka kwa Warumi kabla hajafika Rumi hata siku moja. Angalieni alivyofanya. Katika sura ya 16 anamkabidhi kwao Fibi, mtumishi wa kanisa la Kenkrea, na wengi wanaamini kwamba ndiye aliyeupeleka waraka ule. Kisha anawasalimu watu wengi kwa majina yao. Katika Wakolosai sura ya 4 anamtuma Tikiko awaeleze hali yake, na anaagiza waraka usomwe mbele ya kanisa kisha upelekwe kwa Walaodikia. Hapo kuna mambo matatu: palikuwa na mtu upande wa pili wa kuufafanua ujumbe, palikuwa na majina ya watu, na palikuwa na kazi ambayo wasikilizaji walitakiwa kuifanya.

Hata hapa petu tuna historia. Sisi ni watu wa njia kuu ya misafara. Kutoka Bagamoyo hadi hapa ilikuwa takriban miezi mitatu kwa miguu, na kutoka hapa njia iligawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine kwenda kaskazini. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika kwa kazi ile. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 30 na kitu, na kilichozidi kiliachwa. Mkuu wa msafara alilazimika kuchagua mapema kipi kinakwenda na kipi kinabaki. Wasilisho la dakika 20 nalo ni mzigo wa frasila 2. Ukilipakia kilo 80 litaanguka njiani.

Wengi wenu mmefika Kwihara, kwenye tembe alilokaa Dk. Livingstone, ambalo sasa ni makumbusho. Stanley aliandika kwamba alikuta huku Unyanyembe mfuko wa barua za Livingstone ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Waliopewa kuupeleka walikaa Bagamoyo kama siku 100 kabla hata ya kuanza safari. Barua zikamfikia mwenyewe Ujiji mwishoni mwa 1871, kama mwaka mmoja tangu tarehe iliyoandikwa kwenye mfuko, tena ni kwa sababu Stanley alizichukua. Ujumbe ulikuwa mzuri, lakini hapakuwa na mtu wa kuhakikisha unafika. Leo ujumbe unafika kwa nukta moja, lakini kufika kwenye simu ya mtu bado si kufika kwake.

Mfano wa tatu wazee waliopo hapa wanaukumbuka. Mwaka 1973 Serikali iliendesha kampeni ya redio iitwayo Mtu ni Afya, ikiratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Wananchi wapatao milioni 2 walishiriki kwa muda wa wiki 12. Fikirini: msemaji yuko Dar es Salaam, wasikilizaji wako vijijini nchi nzima, wengi wakiwa wameanza kujua kusoma juzi. Kwa nini hawakulala? Kwa sababu redio haikuachwa peke yake. Waliandaliwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Watu walikaa pamoja, wakasikiliza kipindi kifupi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana hali ya kijiji chao, kisha wakapanga la kufanya. Baada ya hapo walikwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Maneno yalikuwa machache, na kazi ya msikilizaji ilikuwa kubwa. Hakuna chombo cha siku hizi kilichoiondoa kanuni hiyo.

Tuchukue mfano wa asali

Tuchukulie kwamba kikundi chenu kina wanachama 25 na mizinga 280 katika misitu ya miyombo, na kila mzinga unatoa wastani wa kilo 10 kwa msimu. Mnunuzi yuko Ujerumani, au yuko Dar es Salaam, maana hata huyo ni wa mbali. Amekubali mkutano wa video wa dakika 20.

Desturi yetu tunaijua. Katibu ataanza na itifaki, atasoma historia ya kikundi tangu kilipoanzishwa, atataja viongozi wote na vyeo vyao, ataeleza malengo ya jumla na malengo mahususi, kisha changamoto: usafiri, mitaji, vifaa. Ikifika dakika ya 18 asali haijatajwa bei. Desturi hiyo si mbaya nyumbani, kwa kuwa ni heshima. Lakini mnunuzi atakuwa bado anangoja kujua kama mnayo asali.

Napendekeza muanze hivi: "Sisi ni wafugaji nyuki 25 wa Tabora. Msimu huu tuna kilo 2,800 za asali ya msitu wa miyombo, na tunatafuta mnunuzi wa kilo zote au nusu yake. Leo tungependa tuelewane mambo mawili: kama asali yetu inafaa kwa soko lako, na kama ipo, ni vyombo gani ungetaka." Hapo mmetumia nusu dakika. Ameshajua ninyi ni nani, mna nini, mnataka nini, na yeye anatakiwa kuamua nini.

Baada ya hapo msisome. Muulizeni: "Asali unayonunua sasa ina tatizo gani?" Kisha nyamazeni mumsikilize. Jibu lake litawaambia mzungumzie nini. Akisema hupata asali yenye maji mengi, mweleze habari ya unyevu. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa asali ya kawaida ni unyevu usiozidi asilimia 20, kwa sababu asali yenye maji mengi huchacha. Semeni kipimo chenu ni kiasi gani, kilipimwa lini na nani, na muonyesheni karatasi. Kama hamjapima, nendeni mkapime kabla ya mkutano. Tabora tuna Chuo cha Ufugaji Nyuki, na wataalamu wako karibu.

Sasa sikilizeni jambo moja la vipimo. Sisi tunahesabu kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali haina kilo 20. Lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4, kwa hiyo ndoo hiyo ina kilo 28 hivi. Mkimwambia mtu wa mbali "tuna ndoo 100", anaweza kuandika kilo 2,000 wakati ninyi mna kilo 2,800. Kilo 800 zimepotea katika sentensi moja, tena bila mwizi. Anayekaa mbele yako angeinua ndoo akashangaa uzito wake, lakini wa mbali hawezi kuinua. Kila kipimo tukiseme kwa kilo, na bei tuiseme kwa kilo, na tuonyeshe kama bei hiyo ni hapa ghalani au ni baada ya kusafirisha.

Kwa kuwa hawezi kuonja, mpeni cha kushika. Tumeni sampuli mapema, chupa ndogo mbili zenye namba A na B, kutoka vijiji viwili. Siku ya mkutano mwambieni: "Tafadhali fungua chupa A. Inalinganaje na B?" Mkono wake unafanya kazi, ulimi wake unafanya kazi, naye sasa hawezi kujibu barua nyingine. Ikiwa hakuna muda wa kutuma sampuli, tumeni picha tatu tu kwa WhatsApp siku moja kabla: mzinga, chombo cha kuchujia, na ghala. Siku ya mkutano mmuulize swali kuhusu picha hizo.

Nimesema dakika 20. Zigaweni hivi: dakika 2 za utangulizi, dakika 5 za maelezo, dakika 10 za maswali ya pande zote mbili, na dakika 3 za kukubaliana nani atafanya nini na lini. Mkiona mmesema zaidi ya dakika 5 bila yeye kusema neno, simameni mmuulize jambo.

Maandalizi ya siku ile

Kwanza ni saa. Kwetu saa nane mchana, kwa hesabu ya kizungu, ni saa 14:00. Katibu akiandika "saa 8" kwa mtu wa nje, yule ataamka asubuhi na kungoja. Andikeni 14:00 na muongeze maneno "saa za Tanzania". Mkumbuke pia kwamba wenzetu wa Ulaya hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Saa nane zetu za mchana ni saa sita mchana Ujerumani wakati wa baridi, na ni saa saba wakati wa kiangazi chao. Kwa ndugu wa Minneapolis kule Marekani, saa hizo ni saa kumi na moja alfajiri wakati wa baridi, naye atakuwa kitandani. Kwao ni afadhali saa mbili usiku wetu, ambayo ni saa tano asubuhi yao.

Pili ni umeme na mtandao. Hakikisheni LUKU ina uniti, simu zimechajiwa, na kifurushi kinatosha. Wekeni simu ya pili yenye laini ya mtandao mwingine. Mtandao ukiwa dhaifu, zimeni picha mbaki na sauti, kwani picha ndiyo inayokula kifurushi. Mtu atavumilia kutoona sura yako, lakini hatavumilia kutosikia sauti yako.

Hata mkijiandaa vipi, mambo yanaweza kuharibika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikadorora nchini kwetu na kwa jirani zetu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kila mkutano uwe na njia ya pili iliyokubaliwa mapema: "Tukipotea kwa dakika 5, tutakupigia simu ya kawaida kwa namba hii." Na mtumieni siku moja kabla ukurasa mmoja wenye maelezo yote muhimu. Hata kila kitu kikikatika, ukurasa huo utabaki mkononi mwake.

Tatu ni mahali. Tafuteni chumba kisicho na mwangwi, msikae karibu na mashine ya kusaga. Dirisha liwe mbele yenu, lisiwe nyuma, la sivyo mtaonekana weusi kama kivuli. Jogoo akiwika msione aibu, huyo ndiye anayethibitisha kwamba mko nyumbani kwenu. Lakini redio izimwe.

Nne, mtafuteni Fibi wenu. Awepo mtu upande wa pili anayewafahamu: mbia wa usharika rafiki, Mtanzania anayeishi kule, au ofisa aliyewahi kuwatembelea. Yeye atamwambia mnunuzi yale ambayo ninyi hamwezi kujisemea wenyewe, na baada ya mkutano atawaambia ninyi kile ambacho mgeni aliona haya kukisema.

Lugha na mkalimani

Wengi hudhani kwamba asiyejua Kiingereza akae nyuma. Sikubaliani na jambo hilo. Mama anayerina asali usiku, anayejua mzinga upi una hasira na upi ni mpole, asemapo kwa Kiswahili au Kinyamwezi, sauti yake ina uhakika ambao katibu hana. Mpeni dakika 3 na mkalimani mzuri. Aseme sentensi moja au mbili kisha angoje. Mkalimani asifupishe wala asipambe. Tarakimu zote ziandikwe kwenye karatasi ionekane kwenye picha, kwa maana kumi na tano na hamsini zinachanganywa kwa urahisi katika lugha ya watu.

Msijaribu utani wenu wa kabila kwenye video. Huku Mnyamwezi na Msukuma wanaweza kutaniana na watu wakafurahi. Yule wa mbali atadhani mnagombana.

Ukweli na heshima

Hapa naomba tutulie kidogo. Kipo kishawishi kikubwa kwa anayesema na mtu asiyeweza kufika: kuongeza. Mizinga 280 inakuwa 500. Kisima kilichoharibika kinaitwa kinafanya kazi. Nani atakuja kuhesabu? Ndugu zangu, mbali na kuwa ni dhambi, ni biashara mbaya. Mnunuzi akiagiza tani 5 na ninyi mna tani 2.8, mtaishia kununua asali ya mtu msiyemjua ili mjazie, na mzigo mzima utarudishwa. Jina likiharibika kwa mtu wa mbali, hamna nafasi ya kukutana naye sokoni mkamwomba radhi.

Habari mbaya isemwe mapema na kwa ufupi: "Msimu huu moto uliteketeza mizinga 40. Tumefyeka njia za kuzuia moto, na hii ndiyo picha." Mtu wa mbali akisikia habari mbaya kutoka kwenu wenyewe, ataamini na habari nzuri mtakazompa.

Kishawishi cha pili ni kuonyesha unyonge. Tunajua kwamba picha ya mtoto aliyevaa matambara hufungua mikoba. Lakini mtoto yule ana jina, na kesho atakua. Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inataka tuwe makini na picha na habari za watu. Hata pasingekuwa na sheria, sisi tunaamini kwamba kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Basi tuombe ruhusa, tumwonyeshe mhusika picha kabla haijatumwa, na tumweleze itakwenda wapi. Kama asingependa picha hiyo ibandikwe kwenye mlango wa kanisa lake, isipelekwe ng'ambo.

Wa mbali wa pili

Sasa nirudi kwa mama aliyeniuliza wakati wa chai. Tumesema sana habari za mtu wa mbali aliye Ujerumani au Dar es Salaam. Lakini yupo mtu wa mbali mwingine, naye ndiye tunayemsahau. Ni mwanachama aliyeko porini kwenye kambi ya nyuki, ambako simu haishiki. Mkutano wa video umefanyika mjini, viongozi watatu wamehudhuria, bei imetajwa, ahadi zimetolewa. Yeye atasikia nini, na lini?

Vikundi vingi havivunjwi na wanunuzi. Vinavunjwa na minong'ono: "Wale wa mjini wameongea na mzungu, na pesa wanayo." Mara nyingi hakuna pesa iliyoliwa. Kilichokosekana ni taarifa. Kwa hiyo yale yote niliyoyasema kuhusu mnunuzi yafanyeni pia kwa wanachama. Kabla ya mkutano, waulizeni: bei ya chini kabisa tunayoweza kukubali ni ipi? Katika mkutano, viongozi wasikubali chini ya hapo. Baada ya mkutano, ndani ya siku 7, taarifa ya ukurasa mmoja isomwe kwa sauti kwa wanachama: tuliongea na nani, aliuliza nini, tuliahidi nini, kimebaki nini. Kisha wanachama waulize maswali na waamue. Hivyo ndivyo vikundi vya redio vilivyofanya mwaka 1973, na hivyo ndivyo waraka ulivyosomwa kule Kolosai.

Kwa mnunuzi nako msichelewe. Siku inayofuata mtumieni ujumbe mfupi: asante, haya ndiyo tuliyokubaliana, haya tutayafanya sisi kabla ya tarehe fulani, na haya tunakungojea wewe. Msipofanya hivyo, kila upande utakumbuka mkutano wake.

Mazoezi ya mchana huu

Baada ya chakula tutagawanyika katika makundi matano. Kila kundi litaandaa maneno ya nusu dakika ya kujitambulisha, na maswali mawili ya kumuuliza mnunuzi. Nusu ya kundi itakaa chumba kingine, tutapigiana simu, wala hatutaonana. Wale wa chumba cha pili wataandika kilo, bei na tarehe walizosikia. Kisha tutalinganisha na kile kilichosemwa. Kundi litakalofikisha tarakimu zote sawasawa litakuwa la kwanza kupanga siku ya mkutano wake halisi na ofisi yetu.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanasemina, sina mengi zaidi. Watu wa Tabora walikuwa wakipeleka mizigo ya wenzao pwani kwa miguu, na walifahamika kwa kuifikisha. Asali yenu, karanga zenu na jasho lenu ni mzigo wenye thamani. Tuuelezee kwa kweli, kwa ufupi, na kwa kumpa nafasi anayetusikiliza.